Mayai ya kuchi kwa benki ya seli: yatoke vipi Amu, na karatasi ipi itangulie?

Mfuga_Kuchi, Amu

Asalaam aleikum jamaa. Kikundi chetu kina kuchi, kuku wa asili, wa Amu (Lamu), Matondoni na Kipungani, wengi wao wa nasaba zinazojulikana. Mradi mmoja wa utafiti unaolipiwa na pesa za umma umetuomba mayai yenye mbegu. Nia yao ni kutoa seli shina za uzazi ndani ya kiinitete, wazikuze maabara na wazigandishe, ili kideri (ugonjwa wa Newcastle) kikifyeka mabanda au damu ya kuku wa kisasa ikimeza ya kuchi, pawe na pa kuanzia.

Hatukatai, ila kabla ya kukubali nataka kusikia wanaoijua kazi hii. Kwanza, mbona wasichukue shahawa za jimbi (jogoo) wakazigandisha kama za fahali? Pili, mayai yatavuka kwa boti hadi Mokowe, kisha basi hadi Malindi na mbele. Yafungwe vipi yasife njiani, na yawe mangapi? Tatu, kuku atakayezaliwa seli zikishayeyushwa atakuwa kuchi, au kitu kingine chenye sura ya kuchi? Nne, tutie saini nini?

Seli_na_Sindano, Nairobi

Wa aleikum salaam. Nianze na shahawa, kwani hilo ndilo linaloamua mengine.

Shahawa za fahali hugandishwa kwa gliserini, na zikiyeyuka zinapandisha. Kwa kuku, gliserini hiyo hiyo ikibaki inazuia mbegu kutunga ndani ya koo (kuku jike wa kuzalisha). Lazima ioshwe, na kila kuosha kunaua mbegu nyingine. Matokeo hutofautiana mno kati ya jimbi na jimbi. Zito zaidi ni hili: kwa ndege, mwenye kromosomu mbili tofauti ni jike, Z na W, na jimbi ana Z mbili. Kwa hiyo shahawa haibebi W, wala haibebi mitokondria za ukoo wa majike, yaani vile vijisehemu vya nguvu ndani ya seli ambavyo mtoto hurithi kwa mama. Ukitaka kumrudisha kuchi kwa shahawa peke yake, utapandisha koo wa aina nyingine, urudie damu ya kuchi vizazi vitano au sita, na upande wa kuumeni wa ukoo utakuwa umerudi ilhali wa kukeni umepotea. Kugandisha yai zima hakuwezekani, kiini ni kikubwa na kina mafuta mengi mno.

Kinachobaki ni seli za awali za uzazi, zile ambazo kwenye kiinitete zimeshatengwa kuwa mbegu au mayai ya kizazi kijacho. Yai likitagwa, kiinitete kina makumi ya maelfu ya seli, na hizi ni chache sana kati yake. Likiwekwa kwenye joto, zinahamia kwanza mbele ya kichwa, kisha zinaingia kwenye mishipa na kuzunguka na damu hadi zifike mahali tezi za uzazi zinapojengeka. Hilo ni bahati ya wenye kufanya kazi na ndege, maana kwa ng'ombe au mbuzi hazipiti kwenye damu hivyo. Kati ya saa 50 na 56 za kuatamia, kwenye nyuzi 37.5 hadi 37.8, ndipo zinapopatikana vizuri. Fundi hufungua kidirisha kwenye ganda, huchoma mshipa mkubwa wa mgongoni kwa sindano ya kioo chini ya hadubini, na kuvuta mikrolita 1 hadi 3 za damu. Akichelewa nusu siku, seli zimeshaingia kwenye tezi na damu yake haina faida.

Damu hiyo inatiwa kwenye lishe iliyozimuliwa hadi miliosmoli 250 (kipimo cha vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji), yenye kalsiamu kidogo, milimoli 0.15 kwa lita. Huongezwa protini mbili za kuchochea ukuaji, FGF2 nanogramu 4 kwa mililita na aktivini A nanogramu 25 kwa mililita, na seramu ya kuku asilimia 0.2. Seli nyekundu hufa zenyewe pole pole. Za uzazi hazishiki sakafu ya sahani: zinaelea, kubwa, za duara, zimejaa matone ya mafuta. Wiki tatu hadi nne zinapita kabla hazijatosha kugandishwa. Kalsiamu ikizidi zinashikana mafungu. Bakteria mmoja aliyepenya ganda anaweza kuharibu sahani yote. Na seli za majike ni ngumu kukuza kuliko za majimbi, jambo ambalo miradi mingi huwa hailisemi mapema. Msidhani mayai 100 yatatoa makundi 100 ya seli zinazokua.

Njia yenyewe si ya kubahatisha. Kuzikuza kwa muda mrefu bila kupoteza uwezo wa kuzaa kulionyeshwa Marekani mwaka 2006. Taasisi ya Roslin, Uskoti, ikatoa mwaka 2015 lishe isiyohitaji seli nyingine za kulelea. Roslin hupata fedha zake za msingi kwa baraza la utafiti la serikali ya Uingereza, BBSRC, na inashirikiana na ILRI ya Nairobi, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kupitia kituo cha CTLGH, kinachoshughulikia mifugo ya nchi za joto. Kampuni za kuku wa nyama na wa mayai haziwezi kutarajiwa kutoa pesa kwa ajili ya kuchi, kwa hiyo asipolipa mlipa kodi hakuna atakayelipa.

Mtotoleshaji, Malindi

La mayai niachieni mimi. Mradi mwingi wa namna hii hufia bandani na barabarani, kabla hata maabara haijaguswa.

Anza na nani ni baba. Kuku jike huhifadhi mbegu kwenye vijifuko vya njia ya yai, na anaweza kutaga mayai yenye rutuba wiki mbili hadi tatu baada ya jimbi kuondoka. Kwa hiyo ukimtenga koo na jimbi mpya leo, mayai ya juma hili na lijalo huenda bado ni ya yule wa zamani. Mtengeni koo peke yake wiki tatu kamili, kisha mtie jimbi mnayemtaka, na anzeni kuhesabu mayai siku ya tatu. Jimbi wa kuchi ni mzito na mgomvi. Majike sita hadi wanane wanamtosha. Msiweke majimbi wawili banda moja, mtapoteza mmoja na nasaba zote mbili.

Kisha afya. Kati ya magonjwa yanayopita ndani ya yai kutoka kwa mama, angalieni hasa mawili, yote ya bakteria: pulorum, na mikoplasma ya kuku. Pulorum hupimwa pale pale bandani: tone la damu ya ubawani na tone la antijeni ya rangi juu ya kigae cheupe, uchanganye, usome ndani ya dakika mbili. Vikishikamana vijipunje, kuku huyo asitoe yai. Mikoplasma mwachieni daktari wa mifugo achukue seramu. Chanjo ya kideri iwe imeshatolewa wiki kadhaa kabla, isiwe juma lile la kuokota mayai, kwani kuku akiumwa kidogo tu anaacha kutaga.

Joto ndilo adui mkubwa wa Amu. Watu hudhani yai bila mashine ya kutotolea limelala. Chini ya nyuzi 20 hivi kweli kiinitete kinasimama. Ila nyumbani kwenu nyuzi 28, 30, kinaanza kukua ovyo, hakisimami wala hakiendi, na baada ya siku tatu kimekufa ingawa yai ukilipasua linaonekana zuri. Mpasuaji atasema halikuwa na mbegu, na mtalaumiwa bure. Okoteni mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, yapelekeni mahali pa nyuzi 15 hadi 18, na yasizidi siku saba tangu kutagwa hadi kuingia mashine; siku tano ni bora.

Friji ya kawaida ya nyumbani ni baridi mno, nyuzi 4 zinaua. Kisanduku cha povu chenye chupa za maji baridi kinafaa, chupa zifungwe kwa kanga au gazeti zisiguse ganda. Barafu wazi msitie. Yai baridi likitoka kwenye hewa ya pwani linatoa jasho, na jasho hilo linavuta bakteria ndani kupitia vitundu vya ganda. Kwa sababu hiyo hiyo msiyaoshe. Lenye kinyesi liachwe, lenye vumbi lipanguswe kwa kitambaa kikavu. Kila yai liandikwe kwa penseli, si kwa kalamu ya wino: namba ya koo, ya jimbi, tarehe.

Mfungo: trei za karatasi, ncha nyembamba chini, trei juu ya trei mbili tu, na sponji ya sentimita tano chini kabisa. Kwa boti hadi Mokowe hakuna shida kubwa, mtu akipakate asikiweke karibu na injini. Kwenye basi shida ni buti, kuna joto na mtikisiko. Kikae ndani na abiria, kivulini. Mtikisiko mwingi unahamisha kifuko cha hewa na kupasua utando wa kiini. Mayai yakifika yaachwe yametulia saa 12 hadi 24, upande mpana juu, kabla ya kuwashwa mashine. Mwenye pesa atumie ndege kutoka Manda, ila naye aombe yasiachwe juani uwanjani, maana hapo nusu saa inatosha kuharibu kazi ya juma zima.

Mfuga_Kuchi, Amu

Ahsanteni sana. Daktari, mbona hatua ni nyingi hivi? Wiki nne za lishe ghali, na majike hawatoki. Hakuna njia fupi? Na swali la tatu bado halijajibiwa.

Seli_na_Sindano, Nairobi

Ipo njia fupi, na kwa Lamu ningeitaka hiyo hata kama mradi unapenda kukuza. Yai linaachwa kwenye mashine hadi siku ya 9 au 10. Hapo tezi za uzazi zimeshaonekana, na kila moja imejaa seli tunazozitafuta. Kiinitete kinafunguliwa chini ya hadubini ya kupasulia, tezi zinachomolewa kwa koleo nyembamba, na zinatiwa moja kwa moja kwenye kimiminika cha kugandisha chenye dimethili sulfoksaidi, kinga ya seli dhidi ya barafu, asilimia 5 hadi 10 pamoja na seramu. Hakuna kukuza. Roslin walishaonyesha kwamba tezi hizo zikiyeyushwa, zikitenganishwa seli na kudungwa kwa kiinitete mlezi, vifaranga wanazaliwa. Uzuri mwingine: jinsia inaonekana kwa macho. Dume ana tezi mbili zinazolingana. Kwa jike, ya kushoto ni kubwa, ya kulia imedumaa. Mnapanga mirija ya kugandishia, ya majike na ya majimbi, bila kupima DNA kwanza.

Hasara yake ni kwamba kila mrija unatumika mara moja. Seli zilizokuzwa huzaliana, tezi haizaliani. Kwa hiyo hesabu ya mayai inapanda. Kwa maoni yangu, lengeni majimbi 25 na koo 25 wasio ndugu wa karibu, kila mmoja awe na mirija kadhaa. Chini ya hapo mtakuwa mmehifadhi familia chache na kuziita kuchi. Afadhali mayai manne kutoka kwa kila koo wa vijiji vitatu kuliko mayai 60 ya banda moja la mtu mwenye jina.

Kugandisha kwenyewe kuna mtego mmoja. Lazima joto lishuke taratibu, nyuzi 1 kwa dakika hivi, hadi kwenye 80 chini ya sifuri, ndipo mirija ihamie kwenye nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukiitumbukiza moja kwa moja, maji ndani ya seli yanageuka vipande vya barafu na kuzikata. Ukichelewesha kabla ya kugandisha, dimethili sulfoksaidi yenyewe inazitia sumu. Dakika 10 kwenye joto la chumba ni nyingi. Ikifika kwenye nitrojeni, inakaa miaka. Adui pekee hapo ni mtu kusahau kujaza mtungi. Mitungi ileile ya mbegu za ng'ombe inafaa, bora ijazwe kwa ratiba na kipimo kiandikwe ukutani.

Sasa swali la tatu. Seli za kuchi zinadungwa kwenye mshipa wa kiinitete cha kuku mwingine, cha saa zile zile 50 na kitu, maelfu machache ndani ya mikrolita 1. Kama mlezi ana seli zake za uzazi, mtapata vifaranga mchanganyiko, wengine wake, wengine wa kuchi, na itabidi kila mmoja apimwe. Ndiyo maana Roslin walitengeneza walezi wanaokosa seli zao. Aina ya kwanza ilikuwa koo walioondolewa jeni ya DDX4, hao hawatagi mayai yao wenyewe. Aina ya pili, iliyochapishwa 2021, ina jeni ya kujiua ndani ya seli za uzazi: unadunga dawa pamoja na seli za kuchi, za mlezi zinakufa, za kuchi zinabaki. Mkipandisha jimbi mlezi na koo mlezi, wote wakibeba kuchi, vifaranga ni kuchi pande zote mbili kwa kizazi kimoja, mitokondria za ukoo wa mama zikiwemo, na kromosomu W pia ikiwa seli za koo mlezi zilitoka kwa majike.

Mlezi mwenyewe ni kuku aliyebadilishwa jeni, hilo lisifichwe. Kifaranga siye, kwa kuwa seli iliyomzaa haikuguswa. Mlezi ni chungu tu, mchuzi ni wa kuchi. Lakini mtu akihariri seli za kuchi zenyewe kabla ya kuzidunga, habari ni nyingine, na mkataba wenu useme wazi kama mnaruhusu hilo.

Bahari_na_Banda, Shela

Samahani kuingilia. Huku Shela wapo wanaouliza kuhusu seli shina za kutibu punda; wasichanganye na hii. Zile ni seli za uboho au mafuta, hudungwa kwenye kano zilizochanika za farasi wa mashindano, na punda wetu wa mizigo wanahitaji kwanza tandiko lisilochubua na kwato zilizopunguzwa. Na je, mbuzi? Hili la kuku lawezekana kwa mbuzi?

Seli_na_Sindano, Nairobi

Kwa mbuzi njia ni ya korodani. Chuo Kikuu cha Washington State na wenzao, Roslin wakiwemo, walitangaza 2020 panya, nguruwe, mbuzi na fahali wasio na jeni ya NANOS2. Dume wa namna hiyo ana korodani nzima lakini haina seli shina za mbegu. Unadunga za dume mwingine, naye anaanza kutoa mbegu za yule mwingine. Kwa panya, watoto walipatikana. Kwa nguruwe na mbuzi mbegu za mgeni zilionekana. Ng'ombe ni kazi inayoendelea. Kwa mfugaji wa Lamu hilo bado liko mbali.

Bi_Vibali, Mombasa

Naona wanaume mmezama kwenye sindano na hakuna aliyegusa swali la nne. Mfano huo wa NANOS2 unafaa sana hapa: walipewa pesa na wizara ya kilimo ya Marekani, na pia na Genus, kampuni ya kuuza mbegu za mifugo. Hakuna ubaya wowote, ila unaonyesha kwamba "pesa za umma" si jibu kamili. Kaka Mfuga_Kuchi, swali la kwanza la kikundi liwe: nani mwingine analipa, na mkataba wake na nyinyi unampa nini?

Kwa hapa Kenya mradi unatakiwa uje na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kwa kuwa wanachukua rasilimali ya kijenetiki, kibali cha kuifikia cha NEMA, mamlaka ya mazingira. Kibali hicho kinahitaji ridhaa yenu iliyotangulia na masharti mliyokubaliana. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali hizo, ambao Kenya imejiunga nao, inasimamia hapo. Ridhaa iwe kwa Kiswahili, isomwe kikundi chote kikiwepo, si mwenyekiti peke yake. Kusafirisha mayai kunahitaji pia karatasi ya daktari wa mifugo wa kaunti. Wakileta walezi waliobadilishwa jeni, hiyo ni kazi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia.

Ndani ya mkataba nitakomaa na mambo haya. Mirija igawanywe sehemu mbili za nchini, mathalani moja ILRI na nyingine kwenye taasisi ya rasilimali za kijenetiki ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, iliyoko Muguga, mtungi mmoja ukikauka usiende na kila kitu. Nakala ya orodha, yai kwa yai na mrija kwa mrija, ikae Amu. Seli zisitoke nchini bila mkataba mpya wa kuhamisha vielelezo. Kuhariri jeni, hapana, hadi mkae tena. Na kifungu ambacho watu husahau: kikundi kikipoteza kuku, nani anagharimia kurudisha, na ndani ya miezi mingapi? Benki isiyo na haki ya kutoa si benki yenu. Mayai hulipwa bei ya soko na fidia ya koo aliyetengwa wiki tatu bila kuuza yai. Wakisema bajeti haina mstari huo, waombeni wauandike. Pesa za umma hubadilishwa mistari kwa barua.

Mfuga_Kuchi, Amu

Ahsante dada, tutaanza na orodha ya walipaji. Na msimu? Wao wanataka Februari.

Mtotoleshaji, Malindi

Februari ni kaskazi, joto liko juu, jimbi anahema na rutuba inashuka. Subirini kusi ishike, Juni hadi Agosti. Mayai mtapata kidogo ikiwa majike wengi wamekaa kuatamia, kwa hiyo mnyang'anyeni koo kiota mara aanzapo kulala juu yake mchana, muweke kwenye tundu la chini wazi siku tatu nne, atarudi kutaga baada ya wiki mbili hivi. Tengeni majike mwishoni mwa Aprili, Mei mtie majimbi. Kabla ya kundi kubwa pelekeni mayai 30 ya majaribio kwa njia ile ile ya boti na basi, yawekwe mashine, yapasuliwe siku ya tatu, mwone mangapi yana mishipa ya damu. Yakiwa chini ya 20, msipeleke mengine. Tafuteni kwanza kosa liko kwa jimbi au kwa sanduku, kwa kuwasha mayai mengine 10 ya banda lile lile hapo hapo Amu.